Kabla ya Kusema Mama Mkwe Akili Zimemruka, Tuangalie Masikio Yake



Somo hutufundisha mengi kabla ya harusi: singo, udi, namna ya kumpokea mume, namna ya kukaa na mawifi. Lipo moja hatufundishwi, nalo huwakuta wengi wetu mara tu tukiingia ukweni. Ni namna ya kuishi nyumba moja na mama mkwe ambaye hasikii vizuri na ameanza kusahau. Rai yetu ni hii: mzee asihukumiwe kuwa akili zimemruka mpaka masikio yake yapimwe. Na hata ikithibitika kuwa anasahau kweli, masikio yake bado yana haki ya kusaidiwa.

Tuchukue mfano wa Kabuku, wilaya ya Handeni. Visiwa vyetu na Mkoa wa Tanga vimeoleana tangu zamani. Binti wa Wete au Mkoani akiolewa Kabuku anajikuta kwenye mji wa barabara kuu, kati ya Chalinze na Segera, malori yakipita usiku na mchana. Anaingia katika nyumba ya Wazigua ambamo wazee walianza kusema Kizigua kabla ya Kiswahili. Na yuko katika nchi ya mkonge. Wazee wengi wa Handeni na Korogwe walimaliza ujana wao mashambani, wengine wakifanya kazi karibu na korona, ile mashine ya kuchambua nyuzi, bila ya kitu cha kuziba masikio. Kelele ya namna hiyo ikipiga sikio miaka mingi huua chembe ndogo za ndani zinazopokea sauti, na chembe hizo zikishakufa hazioti tena.

Sasa biharusi anamuuliza mkwewe, "Mama, umekula?" Mama anajibu, "Amekwenda shamba." Watoto wanacheka. Wifi anasema, "Ndivyo alivyo siku hizi." Kuanzia hapo hakuna anayemuuliza tena kitu cha maana. Hashauriwi juu ya posa, hapewi habari ya msiba mpaka watu wamesharudi makaburini. Anakaa barazani peke yake, na kadiri anavyokaa peke yake ndivyo anavyozidi kupotea.

Tunajua pia neno linalonong'onwa kuhusu bibi anayetoka usiku na kuzungumza peke yake. Neno hilo limewaua vikongwe katika nchi hii, khasa Kanda ya Ziwa. Basi ulimi wa mwanamke wa Kiislamu ujizuie nalo.

Tuelewe kinachotokea. Uziwi wa uzeeni kwa kawaida huanza kwa kuondoa sauti nyembamba, kama za herufi s, f na t. Mzee anasikia kuwa mtu anazungumza, lakini maneno yanamfikia yamekatikakatika. Naye anajaza mapengo kwa kubahatisha, na akibahatisha vibaya tunasema amechanganyikiwa. Hata maswali ya hospitali ya kupima kumbukumbu huulizwa kwa mdomo. Asiyesikia swali atalishindwa, hata kama jibu analijua.

Hatusemi kuwa ugonjwa wa kusahau haupo. Upo, na si wa Wazungu tu. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta zaidi kidogo ya watu 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa huo, unaoitwa dimensha. Mara nyingi mzee mmoja huwa na yote mawili, sikio zito na akili inayosahau, na moja hulizidisha jingine. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la tiba la The Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kuzuilika ambayo huongeza hatari ya dimensha, na kupoteza usikivu ni miongoni mwake.

Wala tusiuziane matumaini ya uongo. Shime sikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, hakiponyi dimensha. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuata kwa miaka 3 karibu wazee 1,000 wa miaka 70 hadi 84. Kwa wote pamoja, waliopewa vifaa hawakuonesha tofauti ya akili na wenzao. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ndio waliofaidika: kwao kufifia kwa akili kulipungua kwa karibu nusu. Lakini sisi tunauliza jambo dogo zaidi. Hata kama kifaa hakitamrudishia mama kumbukumbu yake, kumsikia mjukuu akimsalimia si neema ya kutosha?

Wapo watakaosema, "Uzee ni mipango ya Mungu, muacheni mama wa watu." Ni kweli ni mipango ya Mungu. Lakini macho ya mama yakififia tunamnunulia miwani asome msahafu, na hakuna anayesema tumeingilia kadari. Kwa nini sikio liwe aibu? Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba. Na Mola wetu ametueleza katika Surat An-Nahl, aya ya 70, kuwa miongoni mwetu wapo watakaorudishwa kwenye umri dhaifu, wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Basi hali hiyo si laana wala uchawi, na inaweza kutufika sisi wenyewe.

Hatua ya kwanza ni nyepesi. Mpelekeni mama kituo cha afya atazamwe masikio, maana wakati mwingine kilichomziba ni nta tu. Msimchokonoe kwa kijiti wala msimtie mafuta ya moto. Kama si nta, ombeni rufaa: kwa watu wa Kabuku njia ni kuelekea Handeni au Korogwe, kisha Bombo mjini Tanga, kwa walioko Unguja ni Mnazi Mmoja. Msinunue kifaa cha mkononi sokoni kabla ya kupimwa, kwa sababu shime sikio hurekebishwa kufuata sikio la mwenyewe.

Akishakipata, kazi ya nyumbani ndiyo inaanza, na hapa ndipo vifaa vingi huishia kabatini. Mzee anayesahau hatakumbuka kukivaa wala kubadilisha betri. Lazima awepo mtu wa kumvisha asubuhi na kumvua usiku, na kukihifadhi pakavu. Ushungi ukibana sana kifaa hupiga mluzi, mama akakerwa akakitupa. Mfungieni kitambaa chepesi kisichobana. Wakati wa udhu kivuliwe. Kwa madhehebu yetu ya Shafi kupaka maji masikioni ni sunna, basi apake, ajifute, kisha avishwe. Kwa josho pia kivuliwe, maji yafike panapostahiki. Na kama mama anakosea rakaa kwa sababu ya maradhi, asikaripiwe. Hukumu yake muulizwe sheikh.

Bei ndiyo inayotisha familia nyingi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilionesha kuwa katika kila watu 10 wanaohitaji kifaa hiki duniani, hawafiki 2 wanaokitumia. Lakini tuseme ukweli, dada zetu. Kwa harusi moja tunashona sare ya hina, sare ya nikahi na sare ya kumtoa biharusi nje, na wote tunachanga. Tukipunguza sare moja tu, tukachanga kwa ajili ya sikio la bibi aliyemlea bwana harusi, tumepungukiwa na nini? Na serikali nayo tuikumbushe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na mzee asiye na uwezo ameahidiwa matibabu bure. Matibabu hayo yasiishie kwenye vidonge. Sikio nalo ni kiungo.

Asiyeweza kupata kifaa leo asikate tamaa, kwa sababu nusu ya dawa iko kwetu. Zima redio kwanza. Njoo mbele ya mama, kwenye mwanga, mguse mkono, mwite kwa jina analolipenda, ndipo useme. Sema taratibu kwa sauti ya kawaida, jambo moja kwa wakati. Ukipiga kelele unamuumiza, naye anadhani umekasirika. Mwoneshe kitu unachokitaja: kikombe, kanga, mswala. Akiuliza mara ya tano, jibu kama mara ya kwanza. Na kwa biharusi wa kisiwani aliyeolewa Kabuku, jifunze Kizigua cha salamu, chakula na maumivu. Anayesahau mara nyingi hupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani na kubaki na ile ya mamake. Huenda mama hajaacha kuzungumza, ila hakuna anayemjibu kwa lugha yake.

Tumebakisha neno kwa waume. Aya ya 23 ya Surat Al-Israa inakataza hata kuguna mbele ya wazazi, na inaamrisha kuwasemesha kwa kauli ya heshima. Amri hiyo kwa mama yako inakuhusu wewe mwanawe kabla ya mkeo. Mke akimhudumia mama mkwe ni ihsani yake, ana ujira wake kwa Allah, na anastahiki shukrani. Si haki mwanamme awe kibarazani na simu, dada zake waje Idi kwa Idi kukosoa, na biharusi wa miezi mitatu abebe peke yake. Gari la hospitali, pesa ya betri na saa moja ya kukaa na mama kila jioni ni juu yenu watoto wake. Kauli njema inayosemwa kutoka jikoni, kwa mgongo, kwa mtu asiyesikia, bado haijamfikia.

Kwa hiyo tunawaomba masomo wetu waliongeze hili katika mafunzo yao, na wanaoposwa sasa waulize mapema: mama anasikia? Nani anamhudumia? Mkwe wangu atanisaidia vipi nimfahamu? Hayo si maswali ya utovu wa adabu. Ni maswali ya mtu anayekusudia kukaa.

Allah awape wazee wetu afya, na atupe sisi subira ya kusema nao mpaka wasikie. Amin.