Pangaboi la Zamani Lisihukumiwe Upesi

Watu wengi, waonapo pangaboi la dari linavuma lakini halizunguki, husema mota imeungua, wakalitupa na kununua jipya. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Yafaa kwanza kulisukuma kwa ufito mkavu. Likiendelea kuzunguka lenyewe, basi mara nyingi ugonjwa u katika kapasita, kisanduku kidogo kikaacho karibu na shina, ambacho bei yake si kitu. Nunua chenye kipimo kile kile kilichoandikwa juu ya kile cha zamani, kwa kawaida maikrofaradi 2 hadi 4.

Lakini kabla hujapanda ngazi, zima swichi kubwa ya nyumba. Ile ya ukutani haitoshi, kwani wako mafundi walioifunga katika waya wa kurudi. Hapo pangaboi husimama hali umeme ungali ndani yake. Hakikisha kwa testa, usiamini macho.

Tazama na nyaya zenyewe. Za zamani zilivikwa mpira na uzi wa pamba, na mpira huo, kwa joto la miaka mingi, humomonyoka ukiguswa tu. Kuzifunga utepe ni kujidanganya; zibadilishwe zote. Katika nyumba za zamani waya mwekundu ndio wenye moto na mweusi ndio wa kurudi; katika nyaya mpya ni kahawia na buluu.

Kisha kagua ndoano na pini yake. Pini iliyolika ibadilishwe siku hiyo hiyo, maana chini ya pangaboi ndipo walalapo watoto.