Jembe la shule lisigeuke jembe la manamba

Mtu anayesafiri asubuhi na mapema kutoka Kasulu kwenda Kibondo hakosi kuwaona watoto wa shule. Wanatembea kandokando ya barabara kwa makundi, daftari mkononi, wengine na dumu la maji kichwani. Na ikiwa ni siku ya shamba, jembe begani. Majembe hayo ndiyo yaliyomfanya mwandishi wa makala haya ashike kalamu. Swali lenyewe ni fupi: mtoto huyu anapokwenda na jembe shuleni, anakwenda kujifunza au anakwenda kulima tu?

Wapo watakaosema kwamba swali hilo lilikwisha kujibiwa zamani. Mwezi Machi mwaka 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba shule isiwe kisiwa kilichotengwa na maisha ya wananchi, bali iwe jumuiya yenye shamba lake au karakana yake, ambamo wanafunzi wanafanya kazi na kuzalisha. Maneno hayo yalishikwa na kila mtu. Mwalimu mkuu aliyashika, ofisa elimu aliyashika, na hata mwenyekiti wa kijiji aliyashika. Lakini kijitabu hicho hicho kilisema pia kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua nini kilimwe na vipi, wayaone wenyewe matokeo ya kazi iliyofanywa vizuri na ya kazi iliyofanywa ovyo, na wawe na sauti katika kuamua mapato yatumikeje. Sehemu hii ya pili ilisahauliwa upesi mno. Ilikuwa rahisi zaidi kugawa majembe kuliko kugawa madaraka.

Matokeo yake tunayajua sote tuliopita katika shule hizo. Shamba la shule likawa chanzo cha mapato, na mara nyingi likawa pia mahali pa kuwapelekea wakosefu. Aliyechelewa mchakamchaka akalime. Aliyeshindwa hesabu za kichwa akalime. Aliyeongea Kiha darasani, akitafuta neno la Kiswahili ambalo hakulipata nyumbani, naye akalime. Halafu mwisho wa juma mtoto huyo huyo anaambiwa katika somo kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa Taifa. Mtoto si mjinga. Anaona wazi kwamba uti wa mgongo wa Taifa ndicho chombo cha kumwadhibu, na analiweka jambo hilo moyoni mpaka atakapokuwa mtu mzima.

Katika Buha jambo hili lina uchungu wa pekee, na mtumishi anayehamishiwa huko kutoka mikoa mingine hana budi kulielewa. Kabla ya wakoloni, nchi hii ya milima haikuwa maskini wa ufundi. Wahunzi wake walifua chuma, na chumvi ya Uvinza iliwaleta wafanyabiashara kutoka mbali. Ukoloni uliigeuza nchi hiyo ghala la vibarua. Hasa katika miaka ya 1940 na 1950 mawakala wa mashamba ya mkonge waliandikisha vijana wa Kasulu na Kibondo kwa mikataba, wakawapakia katika treni ya Kigoma na kuwapeleka Tanga kukata mkonge. Hao ndio manamba, watu waliojulikana kwa namba zao. Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuendeleza zao la biashara au shule katika sehemu ambayo faida yake kwao ilikuwa mikono ya watu.

Kwa hiyo mzee wa Buha anaposema kwamba amempeleka mjukuu wake shule ili aondokane na jembe, tusikimbilie kumwambia ana kasumba. Anachokikataa si jembe. Nyumbani kwake amelima mahindi, maharage, mihogo na migomba maisha yake yote, na hakuna wa kumfundisha heshima ya kazi. Anachokikataa ni jembe la kuamriwa, jembe ambalo mwenye kulishika hajui mavuno yanakwenda wapi. Hilo analijua vizuri kuliko sisi tunaoandika magazetini.

Mwandishi naye analo la kusimulia. Shule ya msingi aliyosoma ilikuwa na shamba la mahindi, nasi darasa la tano tulilima, tukapalilia, tukavuna, na kubeba magunia mpaka ghalani. Siku moja magunia hayakuwapo. Hakuna aliyetuambia yaliuzwa kwa bei gani, wala fedha zilinunua nini. Huenda zilinunua chaki. Huenda zililipa deni halali la shule. Inawezekana kabisa hapakuwa na ubaya wowote. Lakini sisi watoto tulitoka pale na somo moja tu lililokaa kichwani, kwamba kazi ni yetu na hesabu ni ya wakubwa. Somo hilo halikuwamo katika mtaala wowote.

Sasa tutazame upande wa pili, yaani shamba lile lile likiwa darasa. Haihitaji msaada kutoka ng'ambo. Chukua kiwanja cha mita 10 kwa mita 10 na mbegu za maharage, zao ambalo halina mgeni Kasulu wala Kibondo. Wataalamu wa kilimo hushauri nafasi ya sentimita 50 kati ya mstari na mstari, na sentimita 20 kati ya shimo na shimo, mbegu mbili kila shimo. Mwalimu wa hisabati asiseme neno. Awaulize watoto watahitaji mbegu ngapi. Watapata mistari 20, kila mstari mashimo 50, jumla mashimo 1,000 na mbegu 2,000. Je, hizo ni kilo ngapi? Wahesabu mbegu 100, waende nazo kwenye mizani ya duka la jirani, kisha wazidishe mara 20. Mtoto aliyefanya hivyo hatasahau kuzidisha, maana akikosea mbegu zitamwishia katikati ya mstari, wenzake wakimtazama.

Kisha nusu ya kiwanja itiwe samadi na nusu iachwe. Watoto waandike tarehe ya kupanda, siku mche wa kwanza ulipochomoza, wadudu waliowaona, na kiasi cha mvua. Mvua hupimwa kwa kopo lenye kuta zilizonyooka na rula. Baada ya miezi mitatu hivi wavune kila nusu peke yake na kuipima. Hapo ndipo sayansi inapoanza, maana pengine nusu yenye samadi itazidi, na pengine haitazidi, na itawalazimu watoto kutafuta sababu. Mwalimu ambaye hajui jibu asione haya. Akae nao walitafute. Mtoto akimwona mwalimu wake anatafuta, ameona kitu ambacho kitabu hakiwezi kumwonyesha.

Hata lile dumu la maji lina somo ndani yake. Paa la bati la darasa lenye mita 8 kwa mita 6 lina eneo la mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10, ambayo katika milima ya Kigoma si ajabu wakati wa masika, huangusha juu ya paa hilo lita 480. Hizo ni madumu 24 ya lita 20. Darasa la sita likifanya hesabu hiyo ubaoni, swali linalofuata litaulizwa na mtoto mwenyewe: kwa nini basi tunabeba maji kutoka mtoni wakati mvua imenyesha jana usiku? Swali hilo litafika kwenye kamati ya shule, na kutoka hapo kwa diwani, kuhusu mfereji wa bati na tangi. Labda hii ndiyo sababu baadhi yetu hatupendi sana elimu ya vitendo, kwa kuwa huzaa maswali yanayotembea.

Mambo haya si ndoto. Nchi yetu imekwisha kuyajaribu. Katika miaka ya 1960 shule ya Litowa, kule Ruvuma, ilijengwa juu ya maisha ya kijiji cha ujamaa, na watoto walishiriki katika kuendesha shughuli zake. Chama cha maendeleo kilichokuwa kikiisimamia kilivunjwa mwaka 1969, na uamuzi huo ulitoka katika Chama chetu wenyewe. Historia ya jambo hilo inastahili kuzungumzwa kwa utulivu, si kufichwa. Mwaka 1971 likaja jaribio la Kwamsisi, karibu na Korogwe, ambamo masomo yalifungamanishwa na kazi za kijiji, na mafunzo yake yakapelekwa katika vyuo vya ualimu vya sehemu nyingine. Kilichozima moto huo si uvivu wa walimu. Kulikuwa na mbio kubwa ya kuandikisha watoto wote baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, hatua ya haki kabisa ambayo bila hiyo watoto wengi wa Kasulu na Kibondo wasingeona mlango wa darasa. Tena kulikuwa na mtihani.

Kuhusu mtihani tuseme kweli. Mtaala wa mwaka 2005 ulikuwa na somo la Stadi za Kazi. Lilikuwamo katika ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini halikuwa na karatasi katika mtihani wa kumaliza darasa la saba. Mwalimu anayepimwa kwa wastani wa ufaulu, mwenye darasa ambalo watoto wanabanana wanne katika dawati moja, angefanya nini? Alifanya ambalo mimi na wewe, msomaji, tungelifanya. Alitumia vipindi vya Stadi za Kazi kurudia maswali ya hisabati, na kazi ya mikono ikabaki kufagia uwanja.

Mabadiliko yaliyoanza kutekelezwa mwezi Januari mwaka 2024, kufuatana na Sera ya Elimu ya mwaka 2014 toleo la 2023, yanatupa nafasi ambayo kizazi chetu hakikupata. Elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, elimu ya lazima inafikia miaka kumi, na sekondari ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Mwandishi anayaunga mkono mabadiliko hayo bila kigugumizi. Hata hivyo, anaiona hatari moja. Mkondo wa amali unaweza kugeuzwa kuwa zizi la watoto walioonekana hawana akili za vitabu, kama vile shamba lilivyogeuzwa kuwa mahali pa wakosefu. Hilo likitokea, mzee wa Buha atalitambua mara moja. Atasema manamba wamerudi, safari hii na sare za shule.

Kasulu kuna chuo cha ualimu, na kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, mmoja wa mti uliopandwa nchini kote kuanzia mwaka 1975. Kuna mafundi seremala, waashi na washonaji mjini, na Kibondo kuna wafugaji wa nyuki ambao mizinga yao imo msituni tangu enzi za babu zao. Ni wangapi kati yao wamewahi kuitwa shuleni wakasimama mbele ya watoto kama walimu? Tumezoea kumwita fundi shuleni dawati linapovunjika. Akimaliza kulitengeneza analipwa na kwenda zake, na watoto wako darasani humo humo wananakili maelezo ya namna ya kutumia msumeno.

Na kuna suala la miti. Tangu mwaka 1993 wilaya hizi zimepokea wakimbizi kwa mamia ya maelfu kutoka Burundi, na kuanzia 1996 kambi ya Nyarugusu ikapokea ndugu zetu wa Kongo. Utu huo umekuwa na gharama yake, na sehemu ya gharama imelipwa na misitu. Shule hupanda miti kila mwaka. Mgeni rasmi hupanda wake, hupigwa picha, na kiangazi huukausha. Darasa ambalo lingepewa miche 50 na kutakiwa kutoa taarifa mwezi Septemba ni mingapi iliyo hai, na iliyokufa imekufa kwa nini, lingefanya zaidi ya sherehe kumi.

Kwa hiyo mwandishi anaomba jambo ambalo halihitaji bajeti. Kila shule ya msingi ya Kasulu na Kibondo iwe na daftari la shamba linaloandikwa na wanafunzi wenyewe: kilichopandwa, kilichovunwa, kilichouzwa na bei yake, kilichotiwa katika chungu cha uji wa mchana. Ukurasa wa mwisho wa mavuno ubandikwe ukutani ambapo mzazi anaweza kuusoma. Kulima kuondolewe katika orodha ya adhabu. Na mthibiti ubora wa shule anapofika, kabla hajafungua andalio la somo la mwalimu, amwite mtoto yeyote wa darasa la tano, amwombe daftari hilo, na amuulize maharage ya msimu uliopita yalikwenda wapi.