Haki ya Askari Aliyeuawa

Askari anapouawa kazini, wenzake huingiwa na uchungu mkubwa, nasi twaushiriki uchungu huo. Lakini uchungu si ushahidi.

Tarehe 5 Oktoba 1985, huko Tottenham, London, mama mmoja mweusi alifariki dunia polisi walipokuwa wakipekua nyumba yake. Kesho yake ghasia zilizuka katika mtaa wa Broadwater Farm, na Konstebo Keith Blakelock akauawa na umati alipokuwa akiwalinda wazima-moto. Yalikuwa mauaji ya kinyama, wala hayana udhuru.

Katika upelelezi uliofuata, watu walikamatwa kwa mamia, na watoto wakahojiwa bila ya wazazi wao. Mwaka 1987 watu watatu walihukumiwa kifungo cha maisha. Wakazi wa mtaa huo hawakunyamaza. Waliipinga hukumu hiyo kwa miaka. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilizifuta hukumu hizo za wote watatu, baada ya uchunguzi wa kitaalamu kuonyesha kwamba maandishi ya mahojiano ya mmoja wao yalikuwa yamechezewa. Mwaka 2014 mshtakiwa mwingine naye alionekana hana hatia.

Ni nani aliyepata hasara? Ni familia ya marehemu iliyokosa haki, na ni polisi waliopoteza imani ya raia.

Ndugu askari, raia aliyeona kwa macho yake ndiye shahidi wako wa kwanza. Ukimtia hofu, unamficha muuaji wa mwenzako.