Vibonzo vya Kale: Akiba Inayooza

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Walikuwa wakinena juu ya nafaka iliyokaushwa vema na kutiwa ghalani; gazeti walikuwa hawajapata kuliona. Karatasi ya gazeti huoza, na pamoja nayo huoza yote yaliyochorwa juu yake. Leo tunapenda kuligusia jambo ambalo baadhi ya watu watalidharau kwa kudhani ni la watoto, nalo ni kukusanya na kuhifadhi vibonzo na hadithi za picha za miongo iliyopita. Sisi tunaliona kuwa ni jambo la taifa, tena la haraka.

Tukumbushane kwanza ni mali gani tunayoizungumzia. Gazeti la Chama, Uhuru, lilimpa msomaji wake Chakubanga, kazi ya mkono wa Ndugu Christian Gregory. Taifa Leo la Nairobi lilimtoa Juha Kalulu, aliyechorwa na Edward Gitau kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1980 vijana wa Tanzania walikuwa wakipokonyana jarida la Sani, ambalo jina lake lilitokana na silabi za kwanza za majina ya Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo walikutana na Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, na humo waliijua kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 angali kijana. Baadaye, katika miaka ya 1990, alikuja Kingo wa James Gayo. Majina haya yaliingia katika mazungumzo ya watu mabarazani, na hata asiyemiliki gazeti aliyafahamu.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia darasani tunalo la kuongeza juu ya Juha Kalulu. Juha ni jina tulilolirithi katika visa vya Waarabu, visa vya mjinga ambaye mara nyingine huwashinda werevu. Kalulu ni sungura katika lugha za watu wa Ziwa Nyasa na nchi zilizo kusini yake. Katika jina moja la kibonzo, pwani na bara zimekutana bila kuitishiwa mkutano. Huo ndio Kiswahili chenyewe.

Isitoshe, tukumbuke kwamba mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mzee aliyejifunza kuunganisha herufi akiwa na umri wa miaka hamsini alihitaji kitu cha kusoma baada ya kufunga daftari. Tahariri kama hii ilikuwa mlima kwake. Kibonzo kilikuwa na maneno machache, tena picha ilimsaidia pale herufi zilipomshinda. Hapa Maramba, kama kwingineko vijijini, gazeti moja lilisomwa na watu wengi kabla ya kuchoka; na magazeti yaliyovuka bahari pamoja na mizigo kwenda Pemba, ingawa yalichelewa siku kadhaa, hayakupungukiwa na utamu, kwani habari huchakaa lakini mzaha mwema hauchakai upesi.

Ndani ya michoro ile mna mambo ambayo mwanahistoria hatayapata kwa urahisi kwingine: foleni mbele ya duka, abiria waliobanana ndani ya basi, mshono wa suruali uliopendwa mwaka fulani, neno la mitaani lililozaliwa na kufa, na karani anayemwambia mwananchi arudi kesho. Majalada ya serikali yatatueleza agizo lilitolewa lini na nani. Kibonzo kitatueleza agizo hilo lilipokewaje na watu.

Hapa ndipo tunapotaka kusema na viongozi wenzetu waziwazi. Vibonzo vingi viliwacheka wakubwa. Vilimchora mwenye kitambi anayehubiri kufunga mkanda, na mlevi wa madaraka, na mla rushwa. Huenda wako watakaoona kwamba michoro ya namna hiyo ni afadhali ipotee. Sisi ni makada, na kwa sababu hiyo hasa tunasema isipotee. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Mchoraji aliyemfanya mtu wa namna hiyo achekwe alikuwa akiufundisha Mwongozo kwa watu ambao hawakuusoma. Kiongozi wa leo akiiona michoro hiyo na kujitambua ndani yake, atakuwa amepata somo bila gharama.

Mali hii inapotea mbele ya macho yetu. Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa massa ya mti yenye asidi. Ikipata jua hugeuka rangi, kisha hukatika kama jani kavu. Pwani tunaongeza juu yake unyevu, chumvi ya bahari, mchwa na mende. Na pale wadudu wanaposhindwa, sisi wenyewe huwasaidia: marundo ya magazeti ya zamani huuzwa kwa kilo, yakafungia maandazi na karanga. Mtoto hula karanga, akatupa historia ya babu yake mtaroni.

Tusidhani kuwa ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Huko Marekani, maktaba kubwa zilipokwisha kuyapiga magazeti yao picha ndogo za filamu, ziliyatupa au kuyauza yale yenyewe, ingawa filamu hizo hazikuonyesha rangi za michoro. Mtu mmoja, Bill Blackbeard, alianza kuyaokoa, na mwaka 1968 akaunda taasisi yake mjini San Francisco kwa ajili hiyo. Mkusanyo wake ulipohamishiwa Chuo Kikuu cha Ohio State mwishoni mwa miaka ya 1990, ulichukuliwa na malori makubwa sita, uzito wake ukikaribia tani 75. Kile kilichohesabiwa kuwa takataka leo ni hazina ya chuo kikuu, na wasomi husafiri kwenda kukitazama. Haitakuwa heshima kwetu ikiwa mjukuu wa Pwani atalazimika kuomba viza ili akamwone Ndumilakuwili.

Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 inawataka wachapishaji wapeleke nakala za machapisho yao. Sheria hiyo ni njema, na tunawataka wanaohusika waifuatilie bila kulegea. Lakini nakala iliyoko Dar es Salaam iko mbali na msomaji wa Wete au wa Kirui, na kuweka mayai yote katika kapu moja si uangalifu.

Kwa hiyo tunatoa rai ifuatayo. Kwanza, maktaba ya mkoa mjini Tanga, na Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, kila moja itenge sehemu maalumu kwa ajili ya vibonzo na hadithi za picha, na kubadilishana nakala, ili upande mmoja ukipatwa na moto au mafuriko, upande wa pili ubaki na akiba. Pili, maofisa utamaduni wa wilaya na masheha wapite kwa wananchi kuuliza nani ana magazeti ya zamani, wayapige picha kwa mitambo ya kisasa, na wamrudishie mwenyewe mali yake ikiwa hataki kuitoa. Tatu, wachoraji walio hai wahojiwe na majina yao yaandikwe, na haki zao na za warithi wao ziheshimiwe kama inavyoagiza Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Kwa wananchi tunasema hivi. Usikate kibonzo ukautupa ukurasa, kwa maana kibonzo kisicho na tarehe wala jina la gazeti ni yatima. Usikigandishe kwa selotepu, ambayo huacha doa lisilotoka. Ulaze ukurasa bila kuukunja, ndani ya sanduku lililoinuliwa juu ya sakafu, mbali na jua na dirisha la baharini. Hata baada ya kuupiga picha kwa simu, utunze wenyewe.

Kazi hii haihitaji mkopo wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Inahitaji masanduku, madaftari ya kuorodhesha, na ofisa mmoja katika kila wilaya atakayeulizwa kazi imefika wapi. Tunawataka wakuu wa wilaya za Pwani na Visiwani wamteue ofisa huyo kabla masika mengine hayajanyesha, kwa sababu kila masika hupita na marundo yake.