Mgeni asiyeona na jiji la "Mbwa Kali"

Pita katika mtaa wowote wa wenye nafasi zao jijini Nairobi, uwe Karen au Lavington, nawe utayasoma maneno mawili yaliyoandikwa langoni kwa herufi nzito: MBWA KALI. Sisi tunaofundisha sarufi tumechoka kueleza kwamba mbwa ni kiumbe mwenye uhai, na kwa hivyo kivumishi chake hufuata upatanisho wa A-WA. Kama tusemavyo simba mkali, ndivyo ipasavyo kusema mbwa mkali. Aliyeandika "mbwa kali" amemweka mnyama huyo katika safu moja na dawa kali na silaha kali.

Kwa miaka mingi nililichukulia jambo hilo kuwa kosa la kawaida la waandika mabango. Sasa naona kwamba bango lile, pamoja na kosa lake, linasema kweli kuhusu jiji letu. Nairobi humjua mbwa kama chombo cha kumfukuzia mtu. Haijamjua kama kiumbe awezaye kuandamana na mgeni.

Aliyenifumbua macho ni mwanaisimu mwenzangu kutoka ng'ambo, ambaye alikuja kufundisha nasi kwa muhula mmoja. Bwana huyu haoni, na huongozwa na mbwa aliyefunzwa kazi hiyo: kusimama ukingoni mwa barabara, kukwepa shimo, kutafuta mlango. Mnyama huyo alikuwa na kibali cha kuingia nchini, cheti cha afya na cha chanjo, yote yakiwa yamekaguliwa na kukubaliwa. Hata hivyo, katika hoteli tuliyomwekea chumba, bawabu alituambia kwamba mgeni angeingia lakini mbwa afungwe nyuma, karibu na maegesho ya magari. Madereva watatu wa teksi waliondoka pindi walipomwona. Utingo wa matatu alicheka tu na kugonga bodi gari liondoke, ingawa juu ya basi liendalo mashambani huenda angempakia mbuzi na kuku bila kunung'unika.

Mgeni wetu hakukasirika. Aliuliza swali moja: "Je, ningekuja na fimbo nyeupe, mngeniambia niiache nje?"

Sina nia ya kuwadhihaki wale waliomkataa, kwani woga wao una asili yake. Kichaa cha mbwa kimejulikana katika nchi hii tangu mwaka 1912. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba maradhi hayo huwaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa wa Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza, ni nadra mno mgonjwa kupona. Aliyewahi kumwona mtoto aliyeumwa na mbwa koko akihangaikiwa kutafutiwa chanjo hawezi kulaumiwa kwa kushtuka amwonapo mbwa mlangoni mwa mkahawa.

Dini nayo ina neno lake. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi katika pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hili si jambo la kupuuzwa na mtu yeyote anayeheshimu wenyeji wake. Lakini Kurani hiyo hiyo, katika Sura ya Al-Kahf, inamtaja mbwa aliyelala kizingitini mwa pango pamoja na vijana waliomkimbilia Mungu. Na mwaka 2008 baraza la sharia la Waislamu nchini Uingereza lilitoa fatwa iliyomwezesha muumini asiyeona kufika na mbwa wake katika msikiti mmoja mjini Leicester, ambako palitengwa mahali pa mnyama kupumzika wakati wa sala. Wanavyuoni hao waliilinda tohara bila kumfungia mja mlango.

Wala sidai kwamba mbwa aruhusiwe kila mahali. Hifadhi za wanyamapori humkataza, na zina sababu. Mwaka 1994 maradhi yatokanayo na mbwa wa kufugwa yaliwaua simba wapatao elfu moja katika nyika za Serengeti na Maasai Mara, yaani karibu thuluthi moja ya simba wote wa huko. Katika msitu wa Karura, kwa upande mwingine, mbwa huruhusiwa mradi awe amefungwa ugwe mkononi mwa mwenyewe. Pote pawili pana kanuni inayojulikana, na mgeni hujua kabla ya kuondoka nyumbani kama atapokewa au la. Mlangoni mwa hoteli na ndani ya matatu, kanuni ni moyo wa yule aliyesimama pale siku hiyo.

Hapo ndipo jiji kama London linapotuzidi. Tusidhani kwamba Waingereza wamekuwa wakarimu kwa mbwa wa wageni tangu zamani. Hadi kufikia mwaka 2000, mbwa aliyetoka nje ya nchi yao alizuiliwa karantini kwa miezi sita kwa kuhofia kichaa. Walipoanza kulegeza amri hiyo, badala yake waliweka chanjo, hati na alama ya kielektroniki iwekwayo chini ya ngozi. Hofu haikufutwa, ilitungiwa utaratibu.

Aidha, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamkataza dereva wa teksi kumkataa abiria asiyeona kwa sababu ya mbwa wake, au kumtoza nauli ya ziada. Dereva ambaye mbwa humdhuru kiafya hupewa cheti cha kumsamehe wajibu huo. Sisemi kwamba madereva wote wa London ni malaika. Wapo wakaidi, lakini mkaidi wa huko anajua kwamba anavunja sheria na kwamba aweza kutozwa faini mahakamani.

Sisi nasi hatukosi msingi. Ibara ya 54 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika, kwa kiasi kinachofaa, katika mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Inataja pia haki yake ya kupata vifaa vya kumsaidia kukabiliana na vikwazo vya ulemavu wake. Najua wapo watakaobisha kwamba mbwa si kifaa, na kisarufi wana haki! Lakini tuliokwisha kumgeuza mbwa kuwa silaha kwenye mabango yetu tusijifanye wasafi wa lugha anapokuwa macho ya mtu.

Kinachohitajika si kingi. Serikali ya kaunti na iandike wazi, katika masharti ya leseni za hoteli na mikahawa, kwamba mbwa anayemwongoza asiyeona huingia na mwenyewe, akiwa na hati ya chanjo. Vyama vya matatu na kampuni za teksi viwafunze watu wao hivyo hivyo. Nayo serikali ya kitaifa, iliyojiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya kichaa cha mbwa, izidishe kampeni za chanjo hadi zifikie mbwa 70 katika kila 100, kiwango ambacho wataalamu wanasema huukata mnyororo wa maambukizi. Raia asiyemhofia mbwa wa jirani hatatimua mbio amwonapo wa mgeni.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenzetu alimaliza muhula wake akilala katika nyumba ya mwalimu mmoja, kwa kuwa pale chuoni hapakuwa na bawabu wa kumzuia. Ameombwa arudi mwakani, naye ametuandikia kutaka kujua ni hoteli gani itakayompokea yeye na mbwa wake. Barua hiyo ingali mezani pangu, na bado sijapata la kumjibu.