Jani nene, rangi ya maji na jicho la mtoto



Juma lililopita niliambia watoto wa darasa langu kila mmoja alete jani nene kutoka nyumbani, tulichore kwa rangi ya maji. Nilisahau kusema jani gani. Mtoto mmoja akavunja kijiti cha ule uzio wa kijani unaotoa maziwa meupe, kisha akajifikicha jicho. Kosa lilikuwa langu. Tuliliosha kwa maji safi mengi, robo saa na zaidi, halafu tukampeleka kituo cha afya. Leo anaona vizuri. Lakini maziwa yale yanaweza kuharibu jicho. Waonyesheni watoto mti huo na muwakataze kuuvunja.

Kuchora hatukuacha. Mama mmoja aliniambia: "Mwalimu, huo ni mchezo, si masomo." Mama, sikia. Mwaka 1926, kule Bukama, kwenye mto wetu huu huu wa Lualaba, Mbelgiji Georges Thiry aliona picha kwenye kuta za nyumba. Akampa Albert Lubaki karatasi na rangi za maji. Mke wake, Antoinette Lubaki, naye akachora. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Bruxelles. Yote yalianza na ukuta uliochorwa, ule ambao sisi tungempigia mtoto.

Rangi za duka si lazima. Sageni makala mpaka iwe unga, chekecheni udongo mwekundu, twangeni manjano. Kijani kitatoka kwa maji ya sombe, ingawa hakidumu. Changanyeni kila rangi na uji mwepesi wa muhogo ili ishike karatasi. Burashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki.

Chagueni aloevera, au lile jani ambalo likianguka chini linaotesha vitoto pembeni mwake. Majani hayo yanaweka maji ndani, kama jamaa zao wa jangwani. Ndiyo sababu ni manene. Ili unene uonekane, mtoto aanze na rangi nyepesi, aache peupe pale nuru inapopiga, angoje ikauke, kisha aongeze rangi nzito upande wa kivuli. Asipongoja, yote yatakuwa matope.

Kaa karibu naye, mama, umuulize: vitoto vya jani ni vingapi? Akivihesabu, basi ameangalia kweli. Hayo ndiyo masomo.

Tuonane juma lijalo.