Fedha za Umma Zisiteketee Darini



Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga umenunuliwa Zambia, ng'ambo ya mpaka wetu wa Kasesya. Kinachonunuliwa ugenini kwa fedha za umma hakifai kuchezewa.

Tufanye hesabu. Balbu ya kizamani ya wati 60 hugeuza karibu umeme wake wote kuwa joto. Nuru ni sehemu ndogo tu. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa nuru ya kiasi hichohicho. Zahanati yenye balbu 10 za kizamani, zikiwaka usiku kucha kwa muda wa saa 12, hula uniti 7.2. Za LED zingekula uniti 1 na kidogo. Hizo uniti 6 zinazopotea ni mali ya nani? Ni mali ya mkulima wa mahindi aliyelipa ushuru, na ya mama anayejifungua gizani LUKU inapokwisha.

Wasimamizi hujitetea kwamba LED ni ghali. Huko ni kuhesabu bei ya dukani na kusahau gharama ya mwaka mzima.

Wala tusiinyoshee serikali kidole huku taa za kanisa zikiwaka mchana. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa 2015, alihesabu hata kuzima taa zisizohitajika kuwa sehemu ya kutunza uumbaji.

Viongozi wa jumuiya, ulizeni katika mkutano wa kijiji: zahanati na shule zetu zinawasha balbu zipi, na kwa gharama gani? Anayenyamaza ameshiriki kuziteketeza fedha hizo.